MIPANGO KWANZA, MITAMBO BAADAYE

Mwaka 1947 wakoloni wa Kiingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na mamilioni ya fedha yakawa yamepotea.

Funzo hilo halina budi kukumbukwa wakati huu ambapo ofisi za umma zinaacha majalada ya karatasi na kushika programu za kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imekwisha fungua njia. Utekelezaji ni wajibu wa viongozi na watumishi wa kila halmashauri, zikiwemo za Nachingwea na Ruangwa.

Agizo peke yake halifikishi programu katika ofisi ya kata. Yapasa kwanza ijulikane kila ofisi ina kompyuta gani, umeme wa namna gani na mtandao wa nguvu gani. Ofisi chache zianze, kasoro zirekebishwe, ndipo nyingine zifuate. Watumishi wafundishwe kabla ya kukabidhiwa kazi, wala majalada ya zamani yasiondolewe mpaka kumbukumbu zote zimehakikiwa.

Mkulima wa korosho au ufuta anayetoka kijijini kufuata haki yake hakuja kuambiwa kwamba mtandao haupo, amekuja kuhudumiwa. Mpango wowote usiomfikiria mkulima huyo tangu mwanzo utakuwa mpango wa karanga wa pili.