Golini Si Pa Aliyeshindwa Mpira

"Nenda golini wewe, mpira huujui." Kauli hiyo utaikuta katika kila kiwanja cha vumbi hapa Tabora, Ng'ambo hadi Isevya. Anayeambiwa ni mdogo kuliko wenzake, au mnene, au aliyechelewa kufika. Watu wazima wanasikia, wanaona sawa. Si sawa hata kidogo. Imani hii inatuulia makipa kabla hawajavaa glavu.

Njia ya misafara iliyopita hapa iliishia Ujiji, na huko huko Kigoma ndiko alikotoka kipa Juma Kaseja. Mwaka 2003, Simba ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika mjini Cairo kwa mikwaju ya penalti, langoni alikuwa yeye. Miaka 16 baadaye, Agosti 2019, Taifa Stars ilitoka suluhu na Kenya uwanjani Kasarani, ikashinda kwa penalti 4-1. Kipa yuleyule. Mwezi uliofuata Burundi walikuja Dar es Salaam, zikafika penalti tena, wakapiga tatu na hawakufunga hata moja. Kipa yuleyule! Nitajieni mshambuliaji aliyetamba 2003 akawa bado anaibeba Taifa Stars 2019.

Wapo watakaosema ni bahati. Hao wakasimame nyuma ya goli watazame. Mpigaji hajagusa mpira, kipa amekwisha kuusoma mguu wake wa kuegemea na nyonga yake. Uzito ameuweka kwenye vidole vya miguu, mikono iko mbele, vidole gumba vimekaribiana mpira usipenye. Krosi ikija anaamua papo hapo: atoke au abaki. Muda wote huo anawapanga mabeki kwa sauti, kwa kuwa uwanja wote uko mbele ya macho yake. Na tangu sheria ya 1992 imkataze kudaka pasi anayorudishiwa na mwenzake kwa mguu, lazima awe fundi wa miguu pia.

Watu wa Tabora tulipaswa kuelewa mapema kwamba kazi inayodharauliwa huwa na ufundi wake. Wapagazi wa Kinyamwezi walionekana na wageni wengi kuwa mabega tu ya kubebea pembe za ndovu. Kumbe walikuwa wenye kazi yao: walipatana ujira, waliijua njia na maji yake, na makubaliano yakivunjwa walitua mizigo.

Sasa nendeni mazoezini kwenye timu za mtaani. Kocha amezama na wachezaji wa ndani, makipa wawili wako pembeni wanarushiana mpira. Mwishoni wanaitwa wapigiwe mashuti, basi, mazoezi yao yamekwisha. Siku ya mechi kipa akitema mpira mmoja, ameuza mechi. Mshambuliaji aliyekosa mabao matatu ya wazi anapewa pole.

Mji huu umeonja Ligi Kuu, na Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga 3-1. Basi makocha na walimu wa michezo, acheni kumpeleka mtoto golini kama adhabu. Mtafuteni jasiri mwenye macho makali na mdomo wa kuwaamrisha wenzake, mpeni glavu, mpeni mtu wa kumfundisha kudaka na muda wake wa mazoezi. Mkikaa kupanga kikosi, jina lake liandikeni la kwanza.