Kabla ya kutenga nafasi za wanamichezo vyuoni, tuandike kanuni

Kila dirisha la udahili wa vyuo vikuu linapofunguliwa, hoja hurudi vijiweni: kwa nini dogo anayejua mpira asipewe nafasi chuoni kwa mpira wake? Mbona wenzetu wanafanya? Mbona Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, Marekani, kwa sababu ya miguu yake?

Hoja ni nzuri na sisi tunaiunga mkono. Lakini tunaiunga mkono kwa sharti moja ambalo mashabiki wengi hawapendi kulisikia: kanuni ziandikwe kwanza, nafasi zitengwe baadaye. Tukigeuza mpangilio huo, nafasi hizo zitaishia mikononi mwa wajanja, na mchezaji wa kweli ataishia kwenye benchi la mahakama akisubiri tarehe ya kesi.

Twende Singida. Zamani mkoa huu ulisikika zaidi kwa alizeti na kuku wa kienyeji. Leo ni mkoa wa soka. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na msimu wake wa kwanza tu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Baadaye ikaja Singida Big Stars, iliyomaliza nafasi ya nne msimu wa 2022/23 na kukata tiketi ya kimataifa. Sasa kuna Singida Black Stars. Vijana wa Utemini, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, wamekua wakiona Simba na Yanga zikija kwao na kutoka jasho.

Hayo yote yamezaa ndoto. Tatizo ni kwamba ndoto ni nyingi na jezi ni chache. Kati ya vijana mia wanaocheza ndondo mtaani, anayepata mkataba wa Ligi Kuu akipatikana mmoja ni bahati. Waliobaki wanahitaji mlango mwingine, na chuo ni mlango mzuri kuliko yote: mtu anasoma, anaendelea kucheza, na goti likigoma akiwa na miaka 24 ana cheti cha kumlisha.

Sasa tuangalie mlango wenyewe ulivyo leo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inaweka sifa za chini za kuingia shahada ya kwanza. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, ni kufaulu masomo mawili makuu kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hakuna fungu la kitaifa lililotengwa kwa ajili ya wanamichezo. Kwa maana hiyo, dogo wa Utemini mwenye D mbili na medali ya UMISSETA anapanga foleni moja na mwenye D mbili ambaye hajawahi kugusa mpira. Kwenye kozi inayogombewa, wote wawili wanapigwa chini na mwenye B mbili. Medali inabaki ukutani.

Jirani zetu Uganda waliliona hili mapema. Kati ya wanafunzi 4,000 wanaofadhiliwa na serikali kila mwaka kwenye vyuo vya umma, nafasi 40 ni za wanamichezo na 64 ni za watu wenye ulemavu. Nafasi 40 si nyingi, lakini zipo, zinajulikana, na kijana wa kijijini anaweza kuzilenga.

Basi na sisi tufanye hivyo kesho asubuhi? Subiri kwanza. Nchi zilizotutangulia zimelilipia ada somo hili mahakamani, na risiti zao zipo wazi kwa anayetaka kuzisoma.

Anza na mpira wenyewe. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Howard cha Washington, chuo cha Wamarekani weusi, kilitwaa ubingwa wa soka wa vyuo vya Marekani kwa kuifunga Saint Louis 3-2. Kikosi kilijaa vijana kutoka Karibi na Afrika. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikakipokonya ubingwa kwa hoja za uhalali wa wachezaji. Moja ya kanuni zilizotumika ilimhesabia mwanafunzi wa kigeni miaka aliyocheza kwao baada ya kutimiza miaka 19, kana kwamba alikuwa ameitumia chuoni. Mmarekani hakuhesabiwa hivyo. Howard ikaenda mahakamani, na mahakama ikasema kanuni hiyo ya wageni ni ya kibaguzi na inakiuka Katiba. Rufaa iliamuliwa mwaka 1975. Lakini kanuni nyingine zilibaki, na ubingwa wa 1971 haukurudi. Howard ilibidi iutafute tena uwanjani, ikaupata mwaka 1974 kwa kumfunga Saint Louis yule yule.

Mashabiki wa pointi za mezani wajifunze hapo. Unaweza kushinda kesi na bado usirudishiwe kilichochukuliwa.

Njoo India, ambako nafasi za wanamichezo vyuoni zipo kwa miaka mingi na kesi zake haziishi. Chuo cha uhandisi cha PEC, Chandigarh, kilitenga asilimia 2 ya nafasi kwa wanamichezo, kisha kikaweka sharti kwamba mwombaji awe amepata asilimia 75 kwenye mtihani wa darasa la 12, sawa na waombaji wengine. Mchezaji aliyekosa alama hizo akashtaki. Agosti 2023 Mahakama ya Juu ikalifuta sharti hilo. Mantiki yake inaeleweka hata kijiweni: nafasi hizi zimewekwa ili kukuza michezo. Ukimtaka mwanamichezo afikishe alama zile zile za anayeshinda maktaba, umetoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa wa kushoto.

Kesi ya pili ya India inatugusa zaidi. Jimbo la Punjab lilikuwa na nafasi za wanamichezo kwenye vyuo vya udaktari. Mwaka uliotangulia, medali zilizohesabiwa ni za madarasa ya 11 na 12. Kwenye udahili wa 2024, maombi yakiwa yameshaanza, wakubwa wakaamua kuhesabu na medali za darasa la 9 na la 10. Ghafla msimamo wa ligi ukapinduka, wa juu wakawa chini. Baadaye Mahakama ya Juu ikasema hapana: kanuni haibadilishwi mechi ikiwa imeanza, na mwongozo ulioachwa wazi unafungua mlango wa upendeleo.

Nani kati yetu anabisha kwamba hilo lisingetokea hapa? Mwongozo ukiandikwa tu "awe mwanamichezo mwenye mafanikio" na kuishia hapo, mafanikio hayo yatakuwa ya mtoto wa nani?

Na janja janja nayo haina kabila wala nchi. Mwaka 2019 Marekani iliibua kashfa ya wazazi matajiri waliolipa fedha ili watoto wao waingie vyuo vikubwa kama wanamichezo, wakati michezo yenyewe hawaijui. Picha zilitengenezwa, kichwa cha mtoto kikabandikwa kwenye mwili wa mchezaji. Kocha wa soka la wanaume wa chuo cha UCLA, Jorge Salcedo, alikiri kupokea rushwa ya dola 200,000 ili kuwaorodhesha wanafunzi kama wachezaji wake. Mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miezi minane. Kinara wa mpango mzima, William Singer, alipewa miaka mitatu na nusu Januari 2023.

Kama kwenye vyuo tajiri vyenye wanasheria kila kona mtu aliweza kusajili mchezaji hewa, sisi wa vyeti vya kuandikwa kwa mkono na mihuri ya kuazima tutapona kwa dua gani?

Tusijidanganye, tunawajua mamluki. Michuano ya shule zetu imekuwa ikipigwa kelele za wachezaji wa kukodi tangu enzi na enzi: mtu amemaliza shule zamani, anavishwa sare, anapewa jina la mwanafunzi aliyebaki darasani. Leo anafanya hivyo kwa posho na sifa ya shule. Siku medali ile ikiwa na thamani ya nafasi chuoni, bei yake itapanda mara kumi.

Tanzania yenyewe imewahi kufaidika na uhalali kusimamiwa vizuri. Mwaka 2016 Serengeti Boys waliifunga Kongo-Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, wakalala 1-0 ugenini, wakatolewa kwa bao la ugenini. Tukalalamikia umri wa mchezaji wao mmoja. CAF ikataka apimwe, hakupelekwa, Kongo ikaondolewa, na vijana wetu wakaenda fainali za Afrika Gabon mwaka 2017. Nchi nzima ilishangilia. Kwa nini tulishinda? Kwa sababu kanuni ilikuwepo kabla ya mechi, kipimo kilikuwepo, na kulikuwa na chombo cha kusikiliza malalamiko chenye meno.

Hayo matatu ndiyo tunayotaka kwenye nafasi za vyuo: kanuni, kipimo na chombo. Kwa hiyo Wizara ya Elimu, TCU, wizara yenye dhamana ya michezo na Baraza la Michezo la Taifa wakikaa mezani, sisi tunapendekeza hivi.

Kwanza, sifa ya chini ya taaluma ibaki ile ile ya TCU, yaani pointi 4. Isishushwe, maana chuo hakitakiwi kuwa kambi ya mazoezi. Na mwenye nafasi ya michezo asipandishiwe kiwango juu ya hapo, wasije wakarudia la Chandigarh. Kwa kozi ambazo kwa usalama wa watu zinahitaji zaidi, kama udaktari, sifa za kozi ziheshimiwe na ziandikwe.

Pili, mwongozo utaje kwa majina mashindano yanayohesabika na uzito wake: ngazi ya wilaya pointi kadhaa, mkoa kadhaa, taifa kadhaa, timu ya taifa ya vijana kadhaa. Utaje pia miaka inayohesabika. Haya yote yachapishwe kabla dirisha halijafunguliwa, na yasiguswe mpaka lifungwe.

Tatu, cheti pekee kisitoshe. Mwombaji aitwe uwanjani, acheze mbele ya makocha wasiotoka chuo kimoja wala mkoa mmoja. Mpira hauna kibarua cha kukusaidia mtihani. Mchezaji hewa hata awe na mihuri saba, mpe dakika kumi tu, ukweli utajulikana.

Nne, kuwe na kamati ya rufaa yenye mwanasheria, mtu wa taaluma na mtu wa michezo, inayotakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku chache zinazotajwa. Leo anayeonewa na uamuzi wa chombo cha umma anaweza kuomba mapitio Mahakama Kuu. Ni haki yake, lakini muhula unaanza Oktoba au Novemba, na kesi haina haraka ya muhula. Mtoto wa fundi cherehani wa Utemini atatoa wapi nauli ya kwenda na kurudi mahakamani, achilia mbali wakili? Rufaa ya haraka na isiyo na gharama ndiyo haki ya mnyonge.

Tano, aliyeingia kwa mchezo akavunjika mguu akiuchezea chuo, asifukuzwe. Na nafasi zigawanywe sawa kwa wasichana, maana netiboli na soka la wanawake vina vipaji vinavyoishia jikoni.

Tunajua watakaosema huu ni upendeleo, kwamba nafasi ya chuo ni ya kichwa, si ya miguu. Tunawajibu kwa upole. Nidhamu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, kisha kwenda darasani na kupata pointi 4, nayo ni kichwa. Mwenye pointi 4 na kiatu ameshafuzu kwa vipimo vyetu wenyewe. Anachoomba ni ile kazi ya ziada aliyoifanya ihesabike.

Lakini pia tunawaambia mashabiki wenzetu: msikubali kupewa nafasi za kisiasa zinazotangazwa jukwaani bila karatasi. Nafasi 40 zenye kanuni zina faida kuliko nafasi 400 za maneno. Mbunge akija Singida na ahadi hiyo, mshangilieni, halafu mwambieni alete na mwongozo. Tunataka ushindani wa nafasi hizo umalizwe na makocha viwanjani, mawakili wabaki na kazi nyingine.