Nanga Kwanza, Ngoma Baadaye

Fikiria mume na mke ambao nyumba yao ni mashua ya tanga. Wametia nanga Chaguaramas, kisiwani Trinidad, na kesho ni Kanivali, sherehe ya Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Alfajiri watakuwa mjini Port of Spain, wamejipaka matope, wakicheza na umati.

Sisi wa kanisani tu wepesi kuhukumu. Tukumbuke kwamba Waafrika walioachiwa huru kutoka utumwani mwaka 1838 ndio walioifanya sherehe hiyo kuwa yao. Mungu hachukii furaha. Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana.

Lakini wenye mashua hawashuki pwani kabla ya kukagua nanga. Ikilegea, watakaporudi usiku hawataikuta nyumba.

Je, wewe? Umepata kazi, umeoa, umejenga. Kabla ya kusherehekea, ulikagua nini kinachokushika? Waebrania 6:19 inalifananisha tumaini letu na nanga. Furahi, ndugu yangu. Ila piga magoti kwanza, ili ngoma itakaponyamaza uwe na pa kurudi.