Roboti Isimwondoe Mwalimu Uwanjani

Wapo siku hizi wanaoamini kwamba mwalimu wa michezo amepitwa na wakati. Wanatuambia kuwa kompyuta yaweza kumwonyesha mwanafunzi mkufunzi wa kuigiza kwenye kioo, kwamba kamera yaweza kupima pembe ya goti lake, na kwamba roboti yaweza kuushika mkono wake na kuuongoza mpaka uzoee mwendo ulio sawa. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, si haki kuhitimisha kwamba shule inaweza kununua mashine ikaacha kuajiri mwalimu.

Sisi wa Eldoret na viunga vyake hatuna sababu ya kuidharau teknolojia. Julius Yego, mzaliwa wa Nandi, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama kanda za Jan Železný na Andreas Thorkildsen katika YouTube, kwani katika nchi hii ya wakimbiaji hakuwa na kocha wa mchezo huo. Mwaka wa 2015, mjini Beijing, aliurusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia.

Lakini kisa hicho aghalabu husimuliwa nusu. Kioo kilimwonyesha Yego jinsi Železný alivyorusha. Hakikuweza kumwona Yego mwenyewe. Baada ya kushinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo mwaka wa 2011, alipata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, akafunzwa na kocha Petteri Piironen. Hata huyo aliyebandikwa jina la "Bwana YouTube" alihitaji jicho la mtu.

Mtetezi wa mashine atajibu kwamba kanda zilikuwa pofu, ilhali mitambo ya leo inaona. Naam, inaona, na tena husema bila kuchoka. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka wa 1990, watafiti Carolee Winstein na Richard Schmidt walichapisha majaribio ya watu waliofundishwa mwendo maalumu wa mkono. Walioelezwa matokeo yao katika nusu tu ya majaribio waliukumbuka mwendo huo vyema zaidi baadaye kuliko walioelezwa kila mara. Sababu haifichiki: anayesahihishwa kila dakika huacha kuusikiliza mwili wake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na siku ya mashindano mashine hubaki nje ya uwanja.

Mwalimu mwema hujua wakati wa kunyamaza. Humwacha mwanafunzi akosee mara mbili, tatu, kisha humwuliza, "Umehisi nini?" Aidha, humtambua aliyelala njaa, anayeficha maumivu ya kifundo na aliyevunjika moyo. Kosa la mguu huenda lisiwe la mguu kamwe.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyowekewa ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Wauzaji wa mitambo watabisha hodi katika afisi za walimu wakuu. Nao walimu wakuu, wakiwa na upungufu wa walimu, wataona nafuu kukinunua kitu kisichodai mshahara.

Nashauri hivi. Fedha za kwanza zimwendee mwalimu aliyefuzu. Kisha simu ya kawaida yenye kamera itatosha kwa kuanzia: mwanafunzi aruke au arushe mara kadhaa, aeleze mwenyewe alichohisi, ndipo aonyeshwe picha. Mitambo mikubwa ikija baadaye, mwalimu ndiye aamue lini iwashwe na lini izimwe.

Mwanafunzi naye asidanganyike. Lengo la kufundishwa ni kufikia siku ambayo hutahitaji tena kuambiwa. Chombo kisichokuelekeza huko, kiwe mtu au chuma, hakikufundishi, kinakubeba tu.