Madrid kwa Baiskeli: Mji wa Amiri Muhammad



Miongoni mwa miji mikuu ya Ulaya uko mmoja ambao msingi wake uliwekwa na Waislamu. Mji huo ni Madrid, makao makuu ya Hispania. Katika karne ya 9 Miladia, Amiri Muhammad bin Abdulrahman, aliyetawala Kurtuba tangu mwaka 852 hadi 886, aliamrisha ijengwe ngome juu ya kilima kinachoutazama mto Manzanares, ili izilinde njia ziendazo Tulaytula, mji ambao Wahispania huuita Toledo. Ngome ikazaa mji, na mji ukaitwa Majrit. Wako wataalamu wasemao kuwa jina hilo limetokana na neno la Kiarabu majra, yaani mkondo wa maji, na wako wanaolirudisha kwenye Kilatini. Ugomvi huo tunawaachia wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba mtoto wa Kiislamu akitajiwa Madrid leo hukumbuka mpira wa miguu, na hapo pengine ndipo elimu yake ya mji huo inapokoma.

Mwenyezi Mungu alitujaalia kuuzuru pamoja na binti yetu na mumewe, na badala ya basi la watalii tukachagua baiskeli, nyuma ya kiongozi kijana mwenyeji wa huko. Ziara kama hizi zimeenea sana katika miji ya Ulaya: watu wachache hufuatana kwa mstari mmoja kama bata na vifaranga vyake, wakisimama penye jengo au sanamu, kiongozi akisimulia, kisha wakaendelea. Baiskeli zenyewe zilikuwa na mota ndogo ya umeme, jambo tulilolishukuru, kwani Madrid ni mji wa vilima na uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na sisi miguu yetu imezoea tambarare ya pwani.

Dada zetu wengi hutuuliza iwapo inajuzu mwanamke wa Kiislamu kupanda baiskeli. Chombo chenyewe hakina uharamu wowote. Mtume wetu s.a.w. aliwasifu wanawake wema wa Kikureshi kuwa ni bora wa wanawake waliopanda ngamia, wala kupanda kwao hakukuhesabiwa kuwa ni upungufu. Kinachotazamwa ni sitara na usalama. Binti yetu alivaa suruali pana chini ya kanzu ndefu iliyopasuliwa pembeni, mtandio akaubana kwa pini chini ya kofia ya kujikinga, na mnyororo wa baiskeli ulikuwa umefunikwa. Buibui letu la kawaida lingenaswa kabla ya kufika kona ya kwanza, na hilo ndilo la kulihofia, si maneno ya watu.

Tulianzia Plaza Mayor, uwanja mkubwa wa mraba uliozungukwa na majumba mekundu, uliokamilika mwaka 1619. Hapo ilitubidi tushuke tuzikokote baiskeli, maana umati ni mwingi. Katikati ya uwanja pana sanamu ya shaba ya mfalme aliyepanda farasi. Ni Felipe wa Tatu. Kiongozi alitusimulia kisa cha kuchekesha: kwa miaka mingi shorewanda waliingia katika kinywa wazi cha yule farasi, wakashindwa kutoka, wakafia tumboni, na mwaka 1931, sanamu ilipolipuliwa wakati wa mageuzi ya serikali, mifupa yao midogo ilimwagika chini. Wenzetu wote walicheka, na sisi tulicheka. Kisha binti yetu akamuuliza kwa adabu, "Na mfalme mwenyewe, ndiye yule aliyewatoa Waislamu?" Kijana alinyamaza kidogo, akajibu, "Ndiye. Lakini shuleni tulisomeshwa mistari miwili tu."

Basi na tuiongeze hiyo mistari, kwa kuwa ni mambo ambayo kila mama angependa kuyajua. Waislamu wa ufalme wa Castilla, ambao Madrid ni sehemu yake, waliamrishwa mwaka 1502 wabatizwe au wahame. Waliobaki wakaitwa Wamorisko: Wakristo mbele za watu, na wengi wao Waislamu ndani ya nyumba zao. Mwaka 1504 Mufti Ahmad bin Abi Jum'a, mwenye nisba ya Wahran ya Algeria, aliwaandikia fatwa iliyowafariji, akawaruhusu waliolazimishwa kuificha dini yao, na aliyeshindwa kuswali waziwazi aswali kwa ishara. Wakaandika elimu ya dini kwa lugha ya Kihispania lakini kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Mombasa walivyokuwa wakiandika Kiswahili chao. Mwaka 1567, kule Granada, amri ya mfalme ilipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi ya Kiislamu, kujifunika uso, hamamu, na hata hina! Mahakama ya kanisa iliyochunguza imani za watu ilikuwa ikimshuku mtu kwa sababu ya kutokula nguruwe, au kwa kuoga siku ambayo jirani zake hawaogi. Kwa hiyo dini ilihifadhiwa jikoni na chumbani, na wanahistoria wanakiri kwamba wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Walijua yaliyokuwa yakiwangoja kama wangegunduliwa, na bado wakawafundisha watoto.

Kisha mwaka 1609 Felipe wa Tatu akatoa amri ya kuwatoa wote. Kufikia 1614 watu wapatao 300,000 walikuwa wamepakiwa majahazini, wengi wakishushwa kwenye pwani za Maghribi, Algeria na Tunisia. Wako watoto wadogo waliozuiwa wasifuatane na wazazi wao ili walelewe katika Ukristo. Huyo ndiye aliyepanda farasi mwenye mifupa ya shorewanda.

Kutoka hapo tulishuka kwa njia iitwayo Calle Mayor. Karibu na mwisho wake, kando ya barabara, panaonekana chini ya kioo mabaki ya msingi wa kanisa la kale la Santa María. Wanahistoria husema kanisa hilo lilisimama mahali palipokuwa msikiti mkuu wa Majrit, baada ya mji kutwaliwa na Mfalme Alfonso wa Sita karibu na mwaka 1085. Waislamu walikuwa wamekaa hapo karne mbili, na katika mji huu ndiko alikonasibishwa Maslama al-Majriti, mwanachuoni wa hisabati na falaki aliyefariki yapata mwaka 1007, aliyezipanga upya jadweli za nyota za al-Khwarizmi zilingane na Kurtuba na kalenda ya Hijria.

Hatua chache mbele ndipo lilipo kanisa kuu la mji, liitwalo Almudena. Jengo ni jipya, lilizinduliwa mwaka 1993, lakini jina ni kongwe kuliko kuta zake zote. Waliosoma sarfu watalitambua mara moja: al-mudayna, tasghiri ya madina, yaani kijiji chenye boma, kama vile abdi inavyozaa ubaidi. Wahispania wanasimulia kwamba sanamu ya Bibi Maryam ilifichwa ndani ya ukuta wa boma hilo, na kwa hivyo bibi huyo, mlinzi wa mji wao, anaitwa kwa jina la Kiarabu. Tulipomweleza kiongozi maana ya tasghiri, alitoa simu yake akaiandika.

Naye, bila ya kuombwa, akatuvusha barabara na kutuonyesha ukuta wenyewe. Umebakia kipande cha zaidi ya mita 100, kwa mawe ya gumegume na chokaa, wenye minara ya mraba iliyochomoza kidogo tu. Bustani ndogo iliyo chini yake imepewa jina la Amiri Muhammad wa Kwanza. Hapana foleni wala muuza kofia. Paka wawili walikuwa wamelala juani. Tuliuegemeza mkono ukuta ule, nao ulikuwa wa moto.

Jumba la kifalme liko papo hapo, nalo lina vyumba zaidi ya 3,000. Mahali pake ndipo palipokuwa ngome ya Amiri, kisha ikawa kasri la wafalme wa Kikristo, ambalo Wahispania waliliita alcázar, neno lile lile letu la kasri. Kasri hilo liliteketea mkesha wa Krismasi wa mwaka 1734, na jumba la sasa likaanza kujengwa mwaka 1738. Ukisikiliza Kihispania kwa sikio la Mswahili utajikuta si mgeni kabisa: sukari ni azúcar, mafuta ya zeti ni aceite, na meya wa mji huitwa alcalde, ambaye si mwingine bali al-kadhi.

Mbele ya jumba, katika uwanja wa Plaza de Oriente, yuko mfalme mwingine juu ya farasi, Felipe wa Nne, farasi wake akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Watalii hupenda kusikia jinsi uzito wake ulivyosawazishwa. Sisi tulikuwa na jambo jingine. Wasomaji wetu wa Mombasa na wajue kwamba wafalme hawa watatu wa jina la Felipe, wa Pili, wa Tatu na wa Nne, walitawala Ureno pamoja na Hispania kuanzia miaka ya 1580 hadi 1640. Felipe wa Pili, aliyeifanya Madrid kuwa makao makuu mwaka 1561, ambaye pia ndiye mwenye ile amri ya kupiga marufuku hina, ndiye ambaye katika enzi yake Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu hapa petu, mwaka 1593. Na huyu wa Nne ndiye aliyekuwa mfalme wao mwaka 1631, wakati Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa, waliyemchukua Goa utotoni na kumbatiza jina la Jerónimo, alipoukana ubatizo ule, akamuua kapteni wa ngome na Wareno waliokuwa mjini, akaishika ngome hadi mwaka uliofuata.

Mkwe wetu, ambaye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, alisema hajapata kuyasikia hayo, ilhali utotoni alikuwa akiogelea chini ya ngome ile kila Jumamosi. Hatukumlaumu. Lakini tukitaka kumlaumu kijana wa Kihispania kwa mistari yake miwili, tumuulize kwanza kijana wetu ana mistari mingapi. Watoto wetu wanapelekwa Ngome ya Yesu kupiga picha penye mizinga, wanarudi na barafu na soda. Si lazima asubiriwe mwalimu wa shule. Bibi anayejua kisa cha Sultani Yusuf anatosha.

Baada ya hapo mwendo ulikuwa mrefu na maneno machache. Tuliliona hekalu la Debod, jengo la kale ambalo Misri iliipa Hispania mwaka 1968 kwa msaada wake wa kuokoa mahekalu yaliyotishiwa na maji ya bwawa la Aswan. Tukapita Cibeles, na lango la Alcalá la mwaka 1778, ambalo nalo jina lake ni al-qal'a, yaani ngome. Tukaingia bustani ya Retiro, yenye vivuli vizuri na ziwa la mashua. Humo, msomaji, wamemsimamishia Iblisi sanamu, akianguka kutoka mbinguni! Wenzetu walishuka kupiga picha. Sisi tulisoma audhubillahi tukakanyaga pedeli.

Upande wa bustani ulio karibu na kituo cha treni cha Atocha pana kilima kidogo chenye mizeituni 22 na misaipresi 170. Kiongozi alipunguza mwendo, akamtazama binti yetu na mtandio wake, akauliza kwa sauti ya chini kama tungependa kupita tu. Binti yetu akasema, "Tusimame." Kila mti ni mtu mmoja. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika treni za asubuhi, zilizojaa wafanyakazi na wanafunzi, yakaua watu 191. Na wa 192 ni askari aliyekufa wiki chache baadaye wakati watuhumiwa walipojilipua. Waliofanya hayo walidai kuutetea Uislamu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo Waislamu.

Dini yetu imeharamisha kumuua asiyepigana, na hilo halihitaji kitabu kikubwa. Mtu aliyeumia moyo mbele ya farasi wa Felipe wa Tatu, kisha akapita penye miti hii bila ya kuumia, huyo hakuumizwa na dhulma. Aliumizwa na jina la kabila lake tu. Tuliwaombea rehema Waislamu waliokuwamo, na jamaa za wote subira. Kijana alivua kofia yake, na wale wenzetu waliokuwa wakicheka penye kila sanamu walisimama kimya nyuma yetu.

Atakayejaaliwa kufika huko amwambie kiongozi mapema kwamba anataka kusimama ukutani, maana ziara nyingi hupita upande wa mbele wa kanisa tu. Ziara huchukua saa tatu hivi, basi wakati wa swala upangwe kabla. Sisi tulirudisha baiskeli, tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi mtaa wa Las Ventas, ulipo uwanja wa kupigania ng'ombe uliofunguliwa mwaka 1931, wenye matao ya umbo la kwato za farasi kama ya misikiti ya Andalusi. Kutoka hapo si mbali kwa miguu hadi msikiti mweupe wa Kituo cha Kiislamu, uliofunguliwa mwaka 1992 kando ya barabara kuu ya M-30. Tulimkuta mama wa Kimoroko akiwagawia watoto tende mlangoni, akatupa na sisi, kisha tukaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili.

Wabillahi tawfiq.