Siri ya Mnyonge Si Hila

Kuna uongo mmoja unaozagaa katika ofisi zetu na katika vyumba vya walimu, nao ni kwamba mwenye sarafu za mtandao hajulikani. Walanguzi wa sarafu hizo huuhubiri uongo huo kama neema. Baadhi ya watendaji nao huuamini, ila wao huuona kuwa ni hatari, na kwa hiyo humtazama kila mtumiaji kwa jicho la mashaka. Makundi haya mawili yanapingana kwa maneno, lakini yamekosea pamoja. Na anayeumia ni mnyonge aliye katikati.

Tumchukue mwalimu wa Uwemba ambaye, baada ya kuuza viazi vyake Makambako, ameamua kuweka akiba kidogo katika Bitcoin. Anampata muuzaji asiyemfahamu na kumtumia fedha kwa simu. Papo hapo jina lake na namba yake vimo mikononi mwa mgeni, na laini yenyewe imefungamana na alama za vidole vyake kwa usajili ulioanza mwaka 2019. Kisha sarafu inaingia katika anwani iliyoandikwa kwenye daftari ambalo dunia nzima yaweza kulisoma, na ambalo halifutiki. Pochi iliyomo katika simu yake nayo, kila inapouliza salio, yaweza kuupelekea mtambo wa kampuni ya ng'ambo anwani zake zote pamoja na namba ya mtandao anaoutumia. Je, siri hiyo inayosifiwa iko wapi? Mwalimu huyo akiendelea na anwani ile ile moja, mgeni aliyemuuzia aweza kuihesabu akiba yake mwaka hadi mwaka bila kubisha hodi.

Wapo watakaosema kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Hiyo ni hoja ya kivivu. Mbona mshahara wa mtumishi haubandikwi kwenye ubao wa kijiji? Mkulima aliyeuza mavuno hapiti sokoni akihesabu noti, si kwa sababu ameiba, bali kwa sababu wezi wapo. Mwaka 2020 taarifa za wateja wapatao 272,000 wa kampuni ya Ledger ya Ufaransa, inayouza vifaa vya kuhifadhia sarafu hizi, zilimwagwa mtandaoni zikiwa na majina na makazi yao. Matapeli wakawaandama. Kosa lao lilikuwa nini, ila kununua kufuli?

Watendaji watauliza: na wahalifu je? Jibu limo katika daftari lile lile. Sarafu zilizoibwa mwaka 2016 katika soko la Bitfinex zilifuatiliwa hatua kwa hatua, hata Februari 2022 Serikali ya Marekani ikatangaza kukamata Bitcoin zaidi ya 94,000. Ni dhahiri, basi, kwamba dola ina njia ya kumfuata mwizi mmoja bila ya kumvua nguo kila raia.

Hapa kwetu, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko yanayokuja. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaziwekea kodi ya zuio ya asilimia 3, inayokatwa na mwenye jukwaa la mauzo. Kodi ni haki ya Taifa, wala hatuipingi. Lakini huwezi kumkamua ng'ombe huku ukikataa kumjengea zizi. Mwenye jukwaa hukata kodi kwa kumjua muuzaji. Na orodha ya majina ikikutana na daftari la wazi, maisha yote ya mwalimu wetu yamefunuliwa.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inahifadhi maisha binafsi na mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Hapana budi ifike hadi kwenye majukwaa haya: yakusanye yale tu yanayotakiwa na kodi, yayatunze, na yasimfungulie mtu orodha pasipo amri halali. Kadhalika, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Chombo hicho humkinga mwananchi na macho ya walio njiani. Hatusemi Mamlaka isiwe na utaratibu. Tunasema urasimu usigeuze pazia la nyumba kuwa ushahidi wa wizi.

Nanyi, ndugu walimu na watumishi, msiwasubiri wengine wawalinde katika yale mnayoyaweza wenyewe. Msitumie anwani moja kupokelea kila malipo. Msimpe mtu yeyote maneno ya siri ya pochi, hata akijiita afisa. Na atakayewaahidi siri kamili pamoja na faida ya haraka, mkimbieni, kwani huyo ndiye mwenye la kuficha. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini hawakusema kwamba haiibwi.