Tazama Bushi Kabla ya Kununua Tairi

Mkulima akiona tairi ya pikapu yake imelika upande mmoja, mara nyingi hukimbilia kununua tairi nyingine. Kwa maoni yangu, hiyo ni njia ya kupoteza fedha. Yafaa kwanza atazame bushi, kwa maana zikiwa zimekwisha, tairi mpya italika vile vile.

Bushi ni kipande cha mpira chenye bomba dogo la chuma katikati. Hukaa mahali springi za nyuma zinaposhikana na chasisi, na katika mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Kazi yake ni kupunguza mshtuko na kuzuia chuma kisigonge chuma. Mpira ukipasuka, gurudumu halikai tena sawasawa.

Katika skimu za Nyandarua, zilizotokana na mpango wa ekari milioni moja wa miaka ya 1960, pikapu hubeba maziwa asubuhi na magunia ya viazi mchana. Barabara ya mawe na mzigo mzito huzimaliza bushi upesi. Oili na dizeli zinazovuja huharibu mpira pia.

Dalili ni rahisi kujua. Gari hugonga chini likipita shimoni. Usukani hulegea, na gari huyumba barabarani. Ukishika breki, huvuta upande mmoja. Dalili hii ya mwisho si ya kupuuza hata kidogo, hasa ukiteremka mlima na watu wamekaa juu ya mzigo.

Wako wasemao, "Barabara yenyewe ni mbovu, nikibadilisha leo zitakwisha tena." Ni kweli zitakwisha. Hata jembe hulika, lakini hatuachi kulima. Bushi moja ni rahisi kuliko tairi moja, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine hukata mpira wa tairi kuukuu na kuusokomeza mahali pa bushi. Kelele hupungua kwa siku chache, lakini mpira huo haukutengenezwa kwa kipimo, na boliti huendelea kula tundu lake. Mwishowe mkono wote wa chuma huharibika.

Basi mpeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kushindilia bushi, asizipige kwa nyundo. Badilisha za kulia na za kushoto pamoja. Mwambie akaze boliti za mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, si likiwa linaning'inia. Zikikazwa likining'inia, mpira hujisokota na kupasuka mapema. Baadaye magurudumu ya mbele yapimwe na kunyooshwa. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Neno la mwisho ni kwa wakulima wanaomiliki gari kwa ushirika. Gari la wote mara nyingi halina mwenyewe: kila mtu husikia likigonga, na kila mtu hungoja mwingine aseme. Chagueni mtu mmoja wa kulikagua kila mwezi, na kila safari tengeni fedha kidogo za matengenezo. Gari likikwama njiani asubuhi, maziwa yatakayochacha ni ya wanachama wote.